Dirhamu moja imenitoka shilingi ngapi?

Nina kaunta buku ya kwaya moja, jalada jeusi, kona zimeshaliwa na mkoba. Si ya wadeni. Wadeni wana yao, nene zaidi. Hii ni ya safari tu. Kila mstari una namba tatu: shilingi zilizotoka mkononi mwangu, dirhamu (hela ya Dubai) zilizoingia, halafu ile ya kwanza gawanya kwa ya pili. Hakuna safu ya makato, hakuna safu ya kamisheni. Watu wakiniuliza huwa nabanaje hela Dubai, wanategemea niwatajie benki au duka la kuchenji. Nikiwaonyesha hiyo safu ya tatu, wengine wanadhani nawazungusha.

Nauza mabaibui na mitandio, frem yangu iko Kariakoo, ndani ndani upande wa Mtaa wa Aggrey. Dubai naenda mara mbili kwa mwaka: kabla ya Ramadhani, na tena Septemba kujiandaa na harusi za Disemba. Safari ya kwanza ilikuwa 2017. Nilikwenda nimeshikwa mkono na shangazi yangu, ambaye alianza kupanda ndege kufuata mzigo mimi nikiwa bado shule ya msingi. Yeye alitangulia siku moja, mimi nikamfuata.

Nilipotua nilikuwa na dola 1,500. Hapo uwanjani nikaona dirisha la kubadilishia fedha, taa nyeupe, kioo safi, na tangazo kwamba hakuna kamisheni. Nikasema afadhali hawa, waungwana. Nikabadilisha dola 1,000 palepale nisije nikahangaika mjini. Nikafika Deira, mtaa wa biashara wa Dubai, chumbani shangazi anakunywa chai ya maziwa.

"Umepewa ngapi?"

"Elfu tatu na mia tano."

"Kwa dola ngapi?"

"Elfu moja."

Kikombe akakiweka chini. "Mimi kwa elfu moja nimepata elfu tatu mia sita na sitini. Hapo chini, mlango wa tatu."

"Lakini shangazi, hawakukata kamisheni."

"Wakate nini tena, mwanangu, wakati walishakula?"

Dirhamu 160. Kwa bei ya jumla ya mwaka ule, hayo yalikuwa mabaibui manne ya dirhamu 40. Mabaibui manne niliyaacha dirishani uwanja wa ndege, na nilitoka nimewashukuru. Kaunta buku niliinunua niliporudi.

Makato yanayoandikwa ukutani siyo yanayokumaliza. Yanayokumaliza hayana jina. Yamejificha ndani ya kiwango, kwenye pengo kati ya bei wanayonunulia na bei wanayouzia. Mtu anaweza kukuambia "bure kabisa" na akawa hasemi uongo, kwa sababu faida yake ameshaiweka kwenye kiwango.

Uzuri wa Dubai ni kwamba mizani yake haichezi. Dirhamu ya Emirati imefungwa kwenye dola tangu 1997, dola moja ni dirhamu 3.6725. Haipandi asubuhi ikashuka jioni. Kwa hiyo huhitaji kuwa mchumi wala kufungua programu yoyote: ukiona dirisha linakupa 3.66, huyo anakula fils (senti ya dirhamu) moja na kidogo kwa kila dola, mwache ale, naye ana kodi ya pango. Ukiona 3.50, huyo anakula fils 17, na wewe huna udugu naye. Wanaokwenda Umra na Hija wana mizani yao pia, riyali ya Saudia ni 3.75 kwa dola tangu 1986. Ndugu zetu wa Muscat, riyali yao moja ni kama dola 2.60, nayo haijatikisika tangu mwaka huohuo. Hizo namba zinakaa kichwani kirahisi kuliko namba ya simu ya mume.

Turudi Dar, maana hela huanza kuvuja kabla hujafika uwanja wa ndege.

Ubao wa duka la kubadilishia fedha una safu mbili, kununua na kuuza, na mgeni wa mambo haya huzisoma kichwa chini miguu juu. Kununua ni wao wanaponunua kwako. Wewe unayetaka dola, soma kuuza. Sasa angalia mstari wa dola, halafu shuka mpaka mstari wa dirhamu. Safari iliyopita nilisimama mbele ya ubao mmoja mjini nikaandika: dola, kununua 2,480, kuuza 2,520. Pengo shilingi 40 kwenye kitu cha 2,500. Dirhamu, kununua 640, kuuza 720. Pengo shilingi 80 kwenye kitu cha mia sita na kitu! Sababu ni rahisi, dola zinatoka na kuingia kutwa, dirhamu zinaweza kulala kwenye droo wiki nzima, kwa hiyo mwenye duka anajilipa kwa huo usingizi.

Nilihitaji dirhamu 10,000. Kununua dirhamu hapohapo ingekuwa shilingi 7,200,000. Kununua dola kwa 2,520 na kuzigeuza Deira kwa 3.66, kila dirhamu inanitoka kama 688 na nusu, jumla 6,885,000. Tofauti 315,000. Dada niliyekuwa naye kwenye foleni alinunua dirhamu. Nilimwonyesha hesabu kwenye simu, akanijibu, "Mimi sitaki usumbufu wa kubadilisha mara mbili." Sawa. Usumbufu wenyewe ni dakika kumi na ngazi mbili za kushuka.

Dola zenyewe zikague kabla hujatoka dirishani. Mimi huchukua za mia mia tu, zile zenye utepe wa bluu zilizoanza kutoka Oktoba 2013. Noti ndogo, za 20 na 10, maduka mengi huzipa kiwango cha chini unapozibadilisha, na za zamani zinakataliwa au zinakatwa. Noti yenye muhuri wa wino, yenye mchaniko hata wa ukucha, au iliyoandikwa namba kwa peni pembeni, nairudisha hapohapo. Kuna mara moja kijana wa dirishani alinikasirikia: "Sista, hii ni dola halali." Nikamwambia kama ni halali basi baki nayo, nipe nyingine halali isiyo na muhuri. Akacheka, akabadilisha.

Wenye kumbukumbu watanikumbusha kwamba haikuwa hivi siku zote. 2018 Arusha na 2019 Dar maduka mengi ya kubadilishia fedha yalifungwa, tukawa tunapanga foleni benki. 2023 dola zikaadimika, unaambiwa uje kesho, na kesho unaambiwa upunguze kiasi. Na 2025 zikatoka kanuni za kukataza kutoza na kulipa kwa fedha za kigeni humu nchini, watu wakaanza kuogopa hata kushika dola. Kanuni zile zinahusu kuuziana na kulipana ndani ya nchi. Msafiri kununua dola zake za safari kwa mwenye leseni, akapewa risiti, hakuna aliyemkataza. Risiti hiyo itunze. Ukibeba dola 10,000 au zaidi unatoa tamko forodhani huku kwetu, na kule Emirati mpaka wao ni dirhamu 60,000. Mimi sijawahi kufika huko kwa pesa taslimu, na sitaki. Usiku mmoja na dola 6,000 chini ya mto ulinitosha.

Ndiyo maana nina kadi.

Nilianza na kadi ya akaunti ya shilingi, ile ileile ya kulipia umeme. Ukilipa Dubai kwa kadi ya shilingi, pesa inapita vituo viwili: dirhamu inageuzwa dola, dola inageuzwa shilingi kwa bei ya kuuza ya benki yako, ambayo mara nyingi ni juu kidogo ya ile ya mtaani, halafu juu yake kuna asilimia ya muamala wa nje. Kwangu ilikuwa asilimia 3. Chukua 2,545, ongeza asilimia 3, unapata 2,621, gawanya kwa 3.67, safu ya tatu ikasoma 714. Karibu sawa na yule dada wa foleni. Baadaye nikafungua akaunti ya dola na kadi yake. Naweka dola nilizonunua kwa 2,520, kituo kimoja kinaondoka, asilimia ya muamala wa nje kwa kadi hiyo ni 2, na safu ya tatu inasoma 700. Si nafuu kama taslimu, ila hizo shilingi kumi na moja na ushee nazihesabu kama mshahara wa mlinzi. Benki zinatofautiana sana kwenye hiyo asilimia, na haiandikwi kwenye bango lenye picha ya familia inayotabasamu. Iko kwenye jedwali la makato, ukurasa wa ndani. Mwulize wa kaunta: nikilipa dukani nje ya nchi mnakata asilimia ngapi, na nikitoa kwenye ATM ya watu mnakata kiasi gani kila mara? Akisema "makato ni ya kawaida tu," mwombe aandike hayo ya kawaida.

Sasa niwape kisa cha mashine, maana hiki kimewapata hata watu wenye digrii.

Duka la mitandio, Deira, jioni, mzigo umeshafungwa. Jumla dirhamu 1,840. Nikatoa kadi yangu ya dola kwa mikogo. Muuzaji akaichomeka, akanisogezea mashine niweke namba ya siri. Kabla ya namba ya siri skrini ikanipa visanduku viwili: kimoja AED 1,840.00, kingine USD 521.25. Chini yake maandishi madogo madogo. Nikafikiri, akaunti yangu si ya dola? Basi dola. Nikabonyeza dola, nikaweka namba ya siri, karatasi ikatoka, tukaagana vizuri.

Usiku chumbani naandika kwenye kaunta buku. 521.25. Nikagawanya 1,840 kwa 521.25, nikapata 3.53. Nikarudia. 3.53. Nikaichukua ile risiti nikaisogeza kwenye taa ya kitandani, na kweli, iliandikwa kabisa, kiwango 3.53, na mstari mwingine unasema mteja amepewa chaguo na amekubali. Amekubali! Ningebonyeza dirhamu, 1,840 gawanya kwa 3.6725 ni dola 501 na senti mbili. Nililipa dola 20 na senti 23 kwa kidole kimoja. Na kwa kuwa duka liko nje ya nchi, benki yangu ikachukua asilimia yake vilevile.

Wengi wanadhani ukichagua fedha ya kwenu unakwepa kugeuziwa. Hukwepi. Unachagua nani akugeuzie. Ukichagua fedha ya nchi uliyopo, inageuzwa na mtandao wa kadi (Visa au Mastercard) na benki yako. Ukichagua fedha yako, inageuzwa palepale na mwenye mashine kwa kiwango anachotaka, na faida wanagawana yeye na duka. Sheria za mitandao ya kadi zinamtaka akuulize kwanza, na kweli anauliza. Anauliza wakati una mifuko mitatu mkononi na watu wawili nyuma yako.

Siku hizi kadi yangu siiachii. Naomba mashine igeuziwe kwangu, na nasema kabla haijachomekwa: dirhamu. Wauzaji wengi wa Deira ninaonunua kwao Kiswahili wanakijua, hasa cha biashara, kwa hiyo sisumbuki na Kiingereza. Kuna mmoja alibonyeza mwenyewe haraka haraka akanipa risiti ya dola. Nikamwambia, "Kaka, futa, rudia kwa dirhamu." Akasema haiwezekani. Nikaanza kufungua mfuko na kurudisha mitandio kaunta, mmoja mmoja, nikiikunja vizuri. Ulipofika mtandio wa nne ikawezekana.

ATM nayo ina mtego huohuo, ila unavaa nguo nyingine. Inakuonyesha kiwango, halafu inakuuliza kama unakubali kubadilishiwa. Bonyeza unakataa. Watu wanaogopa kwamba wakikataa pesa haitoki. Inatoka. Umekataa kiwango chao tu.

Na kutoa kidogo kidogo ni ugonjwa. Nilitoa dirhamu 300 siku moja kwa sababu ya uvivu wa kwenda chumbani. ATM ikakata dirhamu 20 na VAT yake, jumla 21. Benki yangu hukata dola 5 kila nikitoa nje. Safu ya tatu: 777. Hiyo ndiyo namba mbaya kuliko zote kwenye kaunta buku, nimeizungushia duara jekundu. Ningetoa 3,000 kwa mara moja, makato ni yaleyale, 21 na dola 5, na safu ingesoma 696. Mashine haijali umetoa ngapi, inajali umeigusa mara ngapi.

Hoteli. Wanazuia amana kwenye kadi siku unapoingia. Kwa kadi za kukata akaunti moja kwa moja (debit) kama zetu, pesa hiyo inaweza kukaa imezuiwa siku nyingi baada ya kutoka, na mimi dola zangu nazihitaji Jumanne, si wiki ijayo. Siku hizi amana natoa taslimu, narudishiwa taslimu, noti zilezile. Kodi ya utalii ya Dubai, dirhamu 7 mpaka 20 kwa chumba kwa usiku kulingana na hadhi ya hoteli, nayo mara nyingi haimo kwenye bei uliyoona ulipoagiza chumba. Ilipe kwa dirhamu. Dawati la hoteli ndiko mashine hupenda sana kukuuliza swali lake.

Mzigo mkubwa, wa kwenda kontena, silipii mkononi. Natuma kwa benki moja kwa moja kwa mwenye mali. Hapo kuna kisanduku kwenye fomu ambacho watu hukipita: nani analipa makato ya njiani. Mara ya kwanza nilipita. Nikatuma dola 2,000, zikafika 1,975, kwa sababu benki ya katikati ilijikatia ya kwake, na mwenye mali akagoma kutoa mzigo kwa dola 25. Dola 25! Mtu huyu ananijua sura miaka mitatu. Ikabidi nitume tena, na makato tena. Chagua mtumaji analipa yote, uyaone huku kwako, mwenzako apate kamili.

Kuna njia nyingine ambayo Kariakoo nzima inaijua na hakuna anayeiandika: unampa mtu shilingi huku, mtu mwingine anatoa dirhamu kule, kwa simu moja. Kiwango chake ni kizuri, siwezi kudanganya. Lakini haina risiti, na mwaka mmoja hela yangu ililala njiani siku tatu huku mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya duka la mtu nikinywa maji. Siku tatu za hoteli na chakula ziweke kwenye safu ya kwanza uone safu ya tatu inasemaje.

Wanaokwenda kwingine, mizani hubadilika. Shoga yangu wa mikoba anakwenda Istanbul, Laleli, ambako wauzaji wengi wa jumla wanataja bei kwa dola kabisa. Yeye habadilishi dola zote siku ya kwanza, maana lira imekuwa ikishuka miaka yote hii. Anageuza za chakula na teksi tu. Mdogo wangu yuko njia ya Guangzhou. Huko kadi ya Visa au Mastercard kuichomeka dukani ni kazi, lakini unaiunganisha kwenye Alipay au WeChat na unalipa kwa simu kama Wachina. Malipo ya yuan 200 au chini hayana ada, yakizidi 200 wanakata asilimia 3. Amejifunza kumwomba mwenye duka walipane mara mbili mbili. Wengine wanakubali, wengine wanamwangalia kama mwizi.

VAT ya Dubai nimeulizwa sana. Ni asilimia 5 tangu Januari 2018, na mgeni anarudishiwa akinunua dirhamu 250 na zaidi kwenye duka lililomo kwenye mpango huo, akionyesha pasipoti. Unahakikiwa uwanjani na vitu vyako vikiwepo, kabla hujakabidhi mizigo. Lakini harudishiwi mtu yote: wanakata asilimia fulani ya kodi uliyolipa, na ada kidogo kwa kila risiti. Kwa simu au cherehani, nenda kachukue. Kwa mzigo wangu unaokwenda na kago, haunihusu, maana lazima utoke nao mwenyewe, na maduka mengi ya jumla ninakonunua hayamo.

Dirhamu zikibaki, usizigeuze shilingi. Nilishasema ubao wa Dar unazinunua kwa 640. Kwa kuwa zimefungwa kwenye dola, kuziweka ndani ni sawa na kuweka dola. Zangu ziko kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati, zinasubiri Septemba. Sarafu tu ndizo hazina pa kwenda, hakuna dirisha linalozipokea, si Deira si Posta.

Safari iliyopita, mimi na shangazi tulibaki na sarafu tisa za dirhamu moja moja, na yamebaki masaa manne twende uwanjani. Kuvuka maji kwa abra, ile mashua ndogo ya abiria, toka Deira kwenda Bur Dubai, ni dirhamu moja kwa mtu. Tukavuka. Tukarudi. Tukavuka tena, tukarudi tena, shangazi amevua viatu, upepo unampeperusha mtandio, nahodha ameshatuzoea anatucheka. Sarafu nane zikaisha, ikabaki moja.

"Umeandika?" akaniuliza.

"Niandike nini shangazi, hizi si ni za starehe?"

"Dirhamu nane. Zilikutoka shilingi ngapi?"

Nikatoa kaunta buku kwenye mkoba, abra bado inagonga gati.